Baiskeli siku 7, Pangani – Amani – Lushoto – Mtae: naomba mnikosoe ratiba kabla sijaumia

#1 KondaMstaafu

Wakuu, habari za jioni.

Mimi na wenzangu wawili ni watu wa Dar. Kila Jumapili tunatoka Bunju tunakwenda Bagamoyo na kurudi, km hazipungui 60, supu na chapati katikati. Huu mwaka wa tatu, mpaka mbwa wa njiani wameshatuzoea hawabweki tena. Likizo imekubali wiki ya pili ya Julai, tunataka tuanzie baharini tumalizie milimani bila kutoka mkoa wa Tanga. Nimekaa na ramani ya simu nikaipanga hivi:

Siku 1: basi Dar–Tanga, tunalala.
Siku 2: Tanga–Pangani, km 50.
Siku 3: Pangani–Muheza–Amani, km 80.
Siku 4: Amani–Muheza–Segera–Korogwe, km 95.
Siku 5: Korogwe–Mombo–Lushoto, km 75.
Siku 6: Lushoto–Mtae, km 60 na kitu.
Siku 7: Mtae–Lushoto–Mombo, km 95, basi la jioni kurudi Dar.

Baiskeli mbili ni za mtumba za milimani, tairi nchi 26. Ya tatu ni ya kisasa, tairi jembamba la 28. Tuna hema moja, jiko dogo la gesi, na mzigo wa kama kilo 15 kila mtu. Naona kila siku iko ndani ya uwezo wetu. Wajuzi mnasemaje?

#2 NaulizaTu

Likizo nzima unakwenda kujitesa? Mabasi ya Lushoto yapo mkuu, yana viti kabisa.

#3 Mbigili

Nimekaa paleee nasubiri mrejesho. Ratiba imesimama, ingieni barabarani.

#4 MzeeWaSpoku

KondaMstaafu, ratiba hii imeandikwa na mtu aliyekaa kwenye kiti. Usikasirike. Yangu ya kwanza ilikuwa vilevile, na nililala Segera kwenye benchi la mgahawa nimekumbatia tairi.

Umegawa kilometa kama mtu anayegawa urithi. Kilometa peke yake haikwambii kitu. Uliza upepo unatoka wapi, na jioni utakuwa umepanda juu kiasi gani kuliko ulivyoamka.

Siku yako ya 2: Julai ni kusi, upepo utokao kusini. Tanga kwenda Pangani unaelekea kusini, yaani unamfuata huyo kusi nyumbani kwake. Alfajiri anakuwa mpole. Ikifika saa nne, na upepo wa bahari nao umeamka, unakanyaga tambarare ukidhani ni mlima. Mikoba ya pembeni inashika upepo kama matanga. Mimi nilishinda njiani, na njia yenyewe haina hata kilima cha kumsimulia mtu.

Siku ya 3 ni siku mbili zimefungwa kamba moja. Muheza iko kama mita 200 kutoka usawa wa bahari, Amani ni kama 900. Ungesema mita 700 si kitu, lakini hazikugawanywa sawa. Unakwenda vizuri mpaka Zigi, kwenye geti la hifadhi, halafu km 9 hivi za mwisho ndizo zinakudai deni lote. Utafika Zigi una km 70 miguuni, saa kumi jioni, msituni kunaingia giza mapema. Hapana.

Siku ya 4 ndiyo inanitisha. Segera ndipo barabara za Dar, Tanga na Arusha zinapokutana, malori yote unayoyajua yanapita hapo. Bega la barabara sehemu nyingine ni la kuhesabu kwa viganja.

Siku ya 5: Mombo iko kama mita 400, Lushoto karibu 1,400, na katikati ni km 33. Wastani ni mita 3 za kupanda kwa kila 100. Kwenye karatasi ni kidogo. Kwa mtu aliyekwisha kula km 40 za jua kutoka Korogwe, na kilo 15 nyuma, ni kesi nyingine.

Gia zenu zina meno mangapi? Kama gia ndogo ya mbele haifiki chini ya 26, badilisheni kabla ya kufikiria hema.

#5 KondaMstaafu

Mzee shikamoo. Mbele meno 22 kwa zile za mtumba, nyuma kubwa 34. Ile ya kisasa mbele ina 34. Mwenye nayo anasema ana miguu.

#6 MzeeWaSpoku

Marahaba. Mwambie miguu ipo mpaka Soni, katikati ya ule mlima wa Mombo–Lushoto.

#7 BintiBweni

Habari zenu. Mimi ni mtu wa Pangani, ng'ambo ya Bweni, niongeze ya huku kwetu.

Mzee amesema kweli kuhusu kusi, na dawa yake ni rahisi: mkishuka Tanga pakieni baiskeli kwenye gari la Pangani, mje mlale. Kesho yake msiondoke. Vukeni mto mje upande wa Bweni, muende Ushongo bila mizigo, kama km 15 kwenda. Mtajua kama baiskeli zina kelele gani kabla hamjazipeleka mlimani. Mkipata maji yamekupwa, shukeni pwani kabisa. Mchanga uliotoka majini muda huo unakuwa mgumu kama sakafu, tairi haliachi hata alama ya maana. Ila angalieni saa. Maji yakianza kujaa mtasukuma baiskeli kwenye mchanga mwepesi, na kipindi cha bamvua yanakuja haraka na yanafika mbali. Jioni osheni mnyororo kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, futeni, tieni mafuta. Chumvi haisubiri kesho.

Na msiwe kama wageni wanaopiga picha boma wakaondoka. Abushiri bin Salim alinyongwa hapa Pangani Desemba 1889 baada ya kuwasumbua Wajerumani mwaka mzima. Kaeni barazani na mzee yeyote baada ya alasiri mtasikia zaidi ya hapo, mengine ya kweli mengine ya baraza.

Njia ya Pangani–Muheza ni ya vumbi, km 45 hivi, mkonge kulia na mkonge kushoto. Kivuli hakuna. Ukiona mwembe, simama hata kama hujachoka. Maji lita tatu kila mtu. Na msiegemeze baiskeli kwenye majani pembeni ya njia, kuna mbigili.

#8 Mbigili

Nimetajwa.

#9 NaulizaTu

Dada BintiBweni, kwa nini wasitoke Bagamoyo moja kwa moja kwa baiskeli wafuate pwani mpaka Pangani? Hapo kusi atakuwa mgongoni.

#10 BintiBweni

Ungekuwa mpango mzuri sana, ila katikati kuna Saadani. Ni hifadhi ya taifa, ina tembo, nyati na simba, na simba hajui kama baiskeli ni mazoezi. Kipande hicho ni cha gari. Wanaotaka wazungumze na hifadhi kwanza, wasifike getini na kofia zao wakaanza kubembeleza.

#11 Mbigili

Turudi kwenye siku ya 4. Mzee anataka watu wafanye nini, wapande basi? Mtu ametoka kwao na baiskeli halafu anaipandisha kwenye buti? Basi wapite Korogwe–Dindira–Bumbuli–Soni, wapande mlima kwa nyuma. Chai pande zote, malori hakuna, na hakuna atakayewacheka.

#12 ShangaziSoni

Usiwapotoshe wenzio. Njia ya Dindira ni nzuri, naipenda, lakini ni udongo. Mwezi wa saba kule juu kuna manyunyu na ukungu wa siku nzima, na udongo wetu ukilowa unakuwa sabuni ukipanda na saruji ukisimama. Mtu mwenye kilo 15 nyuma ataisukuma baiskeli mpaka aichukie. Hiyo waje siku nyingine, mwezi wa pili, bila hema.

Na hilo hema la nini? Pangani kuna gesti, Muheza kuna gesti, Amani kuna nyumba za wageni za hifadhi, Soni na Lushoto ndiyo usiseme. Mtae zipo za kawaida, safi. Mnabeba hema ili mlipishe miguu yenu kodi. Beba koti. Lushoto mwezi wa saba usiku inashuka mpaka nyuzi 10 hivi, na ninyi wa Dar mkiona 20 mnavaa soksi.

#13 MzeeWaSpoku

Mbigili, baiskeli kupanda basi si aibu, ni mzigo kama mzigo mwingine. Mimi naogopa kujeruhiwa kuliko kuchekwa. Wapande gari Muheza washuke Mombo. Wakivuka daraja la Korogwe wachungulie chini: ule ndio mto uleule waliouvuka Pangani, unatoka kwenye maji ya Kilimanjaro na Meru. Hata Wajerumani walipoanza reli yao Tanga mwaka 1893 ilibidi wapite njia hii hii ya bondeni, na Mombo walifika 1905. Miaka 12! Ninyi mtatumia mchana mmoja.

KondaMstaafu, kuna suala la tairi halijaguswa. Mafundi wa vijijini wana tairi na tyubu za 26 na za 28. Mwenzako mwenye ya kisasa akiona 28 atafurahi bure. Ile ni 28 ya Fonix, zile baiskeli za kawaida za vijijini, ringi yake ni kubwa kuliko ya kwenu kwa milimita 13, tairi lake litampwaya. Abebe tairi moja la kukunja na tyubu mbili. Na kama vali zake ni zile nyembamba, abebe kichwa cha kubadilishia, la sivyo atasimama mbele ya pampu ya kijiji akiitazama tu.

Spoku tano za kila urefu, zifungwe kwenye fremu kwa utepe. Viraka, solusheni mpya (ile ya mwaka jana imeshakauka, fungua uone), kipande cha tairi la zamani cha kutia ndani pakichanika. Nati za karia kazeni kila asubuhi, ndizo zinazoacha watu njiani kuliko tairi.

#14 KondaMstaafu

Aisee. Nilikuja kusifiwa.

Nimekaa na wenzangu, tumepangua. Siku ya 1 Dar–Tanga–Pangani kwa magari. Ya 2 Ushongo na kurudi, mikono mitupu. Ya 3 Pangani–Muheza, tunalala Muheza hata kama ni saa saba mchana. Ya 4 Muheza–Amani. Ya 5 tunashuka Amani, tunapanda gari Muheza mpaka Mombo, tunalala Mombo. Ya 6 Mombo–Lushoto. Ya 7 Lushoto–Mtae. Ya 8 na ya 9 kushuka taratibu. Bosi ameongeza siku mbili baada ya kumwonyesha uzi huu, nadhani ameogopa mambo ya rambirambi.

Hema limebaki. Jiko limebaki. Swali: kushuka Lushoto–Mombo kuna la kujua?

#15 ShangaziSoni

Kushuka ndiko kunakoua, si kupanda. Barabara ni ya lami lakini nyembamba, kona zinafuatana, upande mmoja mwamba upande mwingine korongo. Fuso za kabichi na karoti zinashuka zimejaa, dereva anawahi soko la Dar. Yeye anatanua kwenye kona, hakuoni. Shika kushoto kwako usitoke, na ukisikia honi ya mlimani simama kabisa, mpishe.

Breki msiibane muda wote. Bana, achia, bana, achia. Ringi ikichemka tyubu inapasuka, na haikuchagulii mahali. Simameni Soni mguse ringi kwa mkono. Ikikuunguza, nunua matunda hapo barabarani, kaa ule yaishe ndipo muondoke. Msimu wa mafyulisi na matunda damu mtakuwa hamjaufikia sawasawa, lakini kitu cha kula hakikosekani.

Na Irente msiikose. Km 5 tu kutoka Lushoto mjini, pale unaona Mombo chini kama mtu amemwaga vibiriti. Pale shambani wana mkate wa ngano na jibini yao wenyewe.

#16 Likoni_Mwisho

Salaam kutoka Mombasa. Uzi huu umenifaa. Mimi na ndugu yangu twataka kuja kwa Lunga Lunga, tuvuke Horohoro hadi Tanga. Kwa hiyo kusi atakuwa usoni njia nzima mwezi wa saba?

#17 MzeeWaSpoku

Ndiyo, njia nzima. Njoni Januari au Februari, kaskazi atawasukuma mpaka Tanga. Kurudi mtajua wenyewe.

#18 KondaMstaafu

MREJESHO.

Wakuu tumerudi, wote watatu, wazima. Nimechelewa kuandika kwa sababu siku mbili za kwanza nilikuwa nashuka ngazi kinyumenyume.

Pangani dada alisema kweli tupu. Ushongo tulikwenda maji yametoka, tukapiga mashindano mchangani, nikashinda (picha zipo). Kurudi yakawa yanajaa, tukasukuma. Tulionywa, tukasahau.

Siku ya mkonge, kama saa tatu, baiskeli ya mwenye miguu ikaanza kuimba: ti, ti, ti. Spoku ya nyuma, upande wa gia, imekatika shingoni. Spoku za akiba tulikuwa nazo, lakini kuitia pale lazima ung'oe gia, na kifaa cha kung'olea kipo Bunju kwenye droo. Tulitembea kama nusu saa tukamkuta fundi chini ya mwembe, mzee wa makamo, redio inaongea. Hakuuliza tulikotoka. Aligeuza baiskeli chini juu, akazungusha gurudumu, akasikiliza. Akachukua spoku ndefu ya Fonix, akakata kichwa chake, ncha akaikunja kwa koleo kama ndoana ya kuvulia, akaiingiza kwenye tundu la habu, kile kitovu cha gurudumu, kwa kupenyeza pembeni, gia hakuigusa. Upande wenye nyuzi ukafika kwenye ringi sawasawa. Kisha akafunga kwenye fremu kipande cha mti wa mkonge mkavu, ncha yake inakaribia ringi bila kuigusa, akawa anazungusha. Kijiti kikisema "krr", anakaza upande wa pili robo mzunguko. Dakika ishirini gurudumu limenyooka kuliko lilivyotoka dukani. Spoku ile imepanda mpaka Mtae na imerudi Dar.

Kitu kimoja ambacho hakuna aliyetuambia: mtu mweusi mwenye baiskeli na mikoba minne haonekani mtalii. Kuanzia Pangani mpaka Lukozi tuliulizwa tunauza nini. Muheza mama mmoja alifungua kabisa mkoba wangu akatafuta vitenge.

Amani ilinyesha. Julai, kiangazi, na ilinyesha. Wenyeji wakasema huko ndiko kwake. Udongo mwekundu ulijaa kwenye madigadi mpaka tairi likagoma kuzunguka, tukayafungua tukayafunga juu ya karia. Malipo ya hifadhi tulipewa namba tukalipa kwa simu, kwa hiyo hakikisheni simu ina salio na chaji kabla ya Zigi. Ile bustani ya miti ya Wajerumani ya 1902 ina miti mirefu mpaka shingo inauma, na mbega walitupita juu kama watu wanaohama.

Mombo–Lushoto tulianza saa kumi na moja na nusu alfajiri. Soni tulifika saa tatu kasoro. Mwenye meno 34 mbele alishuka kusukuma mara nne kabla ya Soni, mzee ulikosea kidogo. Lushoto mchana. Tukaoga maji ya moto ya ndoo, tukalala kama watoto.

Lushoto–Mtae ndiyo siku iliyokuwa ngumu kuliko zote, na kwenye ratiba yangu ya kwanza niliiona ndogo. Mpaka Magamba ni kupanda tu, tena msituni, baridi inaingia kwenye mikono ya koti. Baada ya hapo ni kupanda-kushuka, vumbi, mashamba ya viazi na kabichi mpaka kwenye miteremko ambayo mbuzi angeomba ngazi. Mtae tulifika magharibi, ukungu umefunika kila kitu, hatukuona hata nyumba ya pili. Mwenye gesti akasema amkeni mapema. Saa kumi na mbili na nusu nilitoka na blanketi, ukungu uko chini yetu umelala kama pamba, halafu ukaanza kupasuka. Mlima unakatika pale pale mbele ya miguu, na chini yake nyika ya Mkomazi inakwenda mpaka macho yanachoka. Upande wa kushoto Upare. Mwenye miguu hakusema kitu kwa dakika nzima, na si kawaida yake.

Kushuka tulifanya bana-achia. Soni nikagusa ringi, nikaunguza kidole. Tukanunua peasi.

#19 NaulizaTu

Picha ya mashindano mbona haina hata mmoja aliyeshinda, wote mmeanguka?

#20 KondaMstaafu

Mimi nilianguka wa mwisho.

#21 MzeeWaSpoku

Hongereni. Yule fundi wa ndoana alichukua shilingi ngapi?

#22 KondaMstaafu

Elfu mbili. Nilimpa tano, akarudisha elfu moja, akasema ile mbili nyingine ni ya soda ya kijana anayeshika gurudumu. Kijana hakuwepo, nadhani ni yule wa kesho.

#23 BintiBweni

Huyo namjua. Kijana ni yeye mwenyewe.